Milioni 28, viazi Umalila na safari za Dar: Prado, X-Trail au Escudo?

SWALI: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Mbalizi. Nina shamba la viazi Umalila, juu ya Ilembo, na karibu kila wikendi nipo huko. Barabara kubwa inapitika, ila kilomita tano za mwisho ni udongo mtupu, na kuna mteremko mmoja wa kwenda mtoni ambao mvua ikinyesha hata bodaboda wanashusha abiria. Mara mbili tatu kwa mwaka tunakwenda Dar na watoto watatu. Tumejipanga na milioni 28. Mume wangu anataka X-Trail, kaka yangu anasema Prado ya zamani, na dalali mmoja wa Mwanjelwa ananisukumia Escudo. Tunataka gari moja la kazi zote, la mtumba. Tuchukue lipi, na nikisimama mbele ya gari niangalie nini?"

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umenirahisishia kazi kwa sababu umetaja njia kabla ya kutaja gari. Wengi wakija hapa gereji huanza na jina: "Fundi, nataka Prado." Nikiwauliza ya kwendea wapi, wananitazama kama nimewatukana.

Nianze na huo mteremko wa mtoni, maana ndio utakaoamua. Huku kwetu watu husifu gari kwa kupanda. Mimi kupanda hakunitishi. Gari likishindwa kupanda, linasimama, unarudi nyuma pole pole, unawaita vijana, elfu kumi inakutoka, basi. Kushuka ndiko kunakotisha. Udongo wa Umalila ukilowa unakuwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ukikanyaga breki, magurudumu yanasimama lakini gari haliachi kwenda, na kuanzia hapo usukani ni pambo tu.

Kinachokuokoa pale ni gia nzito, ile inayoandikwa 4L kwenye mkono wa gia au kwenye swichi ya dashibodi. Gari la 4WD kamili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lina giaboksi ya pili, ndogo, nyuma ya ile kubwa. Ukiiweka kwenye 4L, magurudumu yanazunguka taratibu zaidi kwa mzunguko uleule wa injini: kwenye Escudo karibu mara mbili, kwenye Prado kama mara mbili na nusu. Kwa hiyo unasimama juu kabisa kabla mteremko haujaanza, unaweka 4L, gia ya kwanza (kwa otomatiki ni L), kisha unatoa mguu kwenye breki na kuuweka kando. Injini yenyewe inalishika gari, magurudumu yote manne yanateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kwa kuwa hakuna gurudumu lililofungwa na breki, usukani unakusikiliza. Mara ya kwanza utaogopa. Mara ya tatu utakuwa unazungumza na abiria.

Sasa X-Trail ya mume wako. Ile ya kwanza, ya 2000 hadi 2007, ina swichi yenye 2WD, AUTO na LOCK. Watu wakiona LOCK wanadhani wamepata kila kitu. Hiyo LOCK inafunga klachi ya umeme iliyo karibu na difu ya nyuma ili nguvu ifike magurudumu yote, na ukivuka kilomita 30 kwa saa inarudi yenyewe kwenye AUTO. Ni nzuri kwa kujinasua, lakini gia nzito haina. Toleo lililofuata lina kitufe cha kushukia mlima, ambacho kinabana breki kwa kompyuta. Kwenye moramu kinasaidia. Kwenye utelezi bado ni breki tu, isipokuwa anayekanyaga si wewe. Na ile klachi ukiifanyisha kazi dakika ishirini kwenye tope, inapata moto na kujizima ili isiungue. Gari linakuacha na magurudumu ya mbele peke yake, na kwa kawaida linachagua kufanya hivyo pale pabaya.

Tusimwonee mzee, lakini. Kama shamba lingekuwa Tukuyu kando ya lami, au mngekuwa watu wa Kyela na Matema, au wa Chunya, ningemuunga mkono. X-Trail inakaa vizuri barabarani, ina nafasi, viti havichoshi mpaka Dar. RAV4 iko kundi hilohilo, na vipuri vyake hapa Mbeya unavipata hata Jumapili. Epuka tu zile zilizoandikwa D-4 kama fundi wako hazijui, kwa sababu mfumo wake wa petroli ni wa presha kubwa na pampu yake si ya kubahatisha. Forester nayo kwenye utelezi ni hodari kuliko inavyoonekana. Ila zote hizi ni magari ya barabara yanayovumilia vumbi. Kilomita tano zako na mteremko wako yatazimudu kiangazi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili yataanza kukudai.

Kwa hiyo X-Trail tumeitoa. Zimebaki mbili, Prado na Escudo, na hapo ndipo penye mjadala.

Kabla sijazilinganisha, nikueleze jambo ambalo madalali hawalitaji kwa sababu wengi wao wamejifunzia magari Dar. Sisi tuko juu. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, Umalila unapita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana yake Escudo yenye nguvu ya farasi 140 bandarini, ikifika shambani kwako imebaki na kama 110. Injini yenye tabo inasukumiwa hewa kwa nguvu, hivyo haipotezi kiasi hicho. Ndiyo maana Prado ya dizeli yenye tabo ikifika Kawetire, kule juu barabara ya Chunya, inaonekana kama haijui kwamba imepanda mlima.

La pili ni maji. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Injini nzima hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Umeona tatizo? Kinachozuia maji yako yasichemke ni kile kifuniko cha rejeta. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 115 hata ukiwa Umalila. Kikiwa kimechoka, raba imekauka, springi imelegea, gari lililotembea vizuri Dar mwaka mzima litachemka hapa wiki ya kwanza. Nimeletewa magari ambayo wenyewe walishabadilishiwa rejeta, pampu ya maji na feni, na ugonjwa ulikuwa kifuniko.

Na kuna mafundi wanaong'oa themostati "ili injini ipoe". Kwa baridi ya Makete au Umalila mwezi wa saba, injini isiyo na themostati inashinda baridi siku nzima: inakunywa mafuta, inatoa moshi, inajichakaza. Ukinunua gari, muulize mwenyewe kama themostati ipo. Akicheka, haipo.

Sasa Prado. Kaka yako akisema Prado ya zamani nadhani ana maana ya ile ya 1996 mpaka 2002, wanayoiita 90. Kwa milioni 28 hiyo ndiyo utakayoipata. Kama ni ya dizeli, nyingi zina injini ya 1KZ, lita 3, yenye tabo. Ni gari hasa. 4WD yake ni ya muda wote, mkono wake wa gia una H, HL, N na LL. Kwenye H unakwenda nayo mpaka Dar kwenye lami bila wasiwasi, kwenye HL unafunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwa ajili ya tope, na LL ndiyo gia nzito yenyewe. Difu ya nyuma ni ya mhimili mmoja mgumu, chasisi yake imetengana na bodi, na fundi wa Makambako, Njombe au Mafinga anaijua akiwa amefumba macho.

Ugonjwa wake ni silinda hedi. Imetengenezwa kwa aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na ikipata joto mara moja tu kwa uzembe, inapasuka katikati ya valvu. Mimi iliniuma mwenyewe. Zamani, nikiwa bado kijana na najiona fundi, nilinunua Toyota Surf yenye injini hiyohiyo. Nililiona mchana, limeshawashwa, injini imeoshwa inang'aa. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima, akanipa na chai. Wiki ile ile nikapanda nalo barabara ya Chunya. Kwenye kona za mwisho kabla ya msitu mshale wa joto ukaruka. Nilipofungua, ndani ya rejeta kulikuwa na uji wa kahawia: ile dawa ya kuzibia matundu. Hedi ilikuwa na nyufa mbili nyembamba kama unywele. Hedi mpya ilinigharimu karibu theluthi ya bei ya gari, na tangu siku hiyo siangalii gari lenye injini ya moto. Hata la mchungaji.

Kwa hiyo, mwalimu, ukienda kuangalia Prado, fanya hivi. Mpigie muuzaji usiku, mwambie utafika saa kumi na mbili asubuhi na gari lisiwashwe. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na uvuguvugu, muulize alikuwa anaficha nini, au ondoka tu. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulenti, kijani au nyekundu, yasiwe na kutu wala utando wa mafuta juu. Chovya kidole, kisugue: ukihisi mchanga laini au ute, hiyo ni dawa. Rudisha kifuniko, washa. Inapaswa kuwaka mara moja baada ya taa ya hita, zile plagi za kupasha injini ya dizeli, kuzimika. Ikikohoa, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli kwa sekunde chache halafu ikatulia, huenda ni hita zimechoka, na hizo si ghali. Moshi mweupe ukiendelea, na una harufu tamutamu, ni maji yanayoungua ndani.

Sasa bonyeza mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Injini ikiwa na dakika moja tu tangu iwake, mpira unatakiwa kuwa laini bado. Ukiwa tayari umekakamaa kama tairi la baiskeli, presha ya silinda inavuja kwenda kwenye maji. Hapo usijadili bei tena.

Kisha lipeleke gari barabara ya Chunya. Wewe unakaa Mbalizi, si mbali. Panda kutoka mjini mpaka Kawetire, bila kusimama, watu wanne ndani. Mshale wa joto ukifika katikati ukakaa hapohapo, vizuri. Ukipanda hata kidogo kwenye kona kali na kushuka pakiwa tambarare, mfumo wa kupooza una tatizo. Juu kabisa simama, liache lingurume dakika tano, angalia tena. Ukirudi, shuka kwa gia ya pili na usikilize breki: usukani ukitetemeka ukibana, diski zimepinda, ukisikia harufu ya kuungua kabla ya kufika mjini, uliza breki zilisafishwa lini na mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakizeeka yanachemka kwenye mteremko mrefu. Kanyagio linazama mpaka sakafuni. Yabadilishe kila miaka miwili. Ukishuka Kitonga kutoka Iringa kwenda Dar na watoto nyuma utanikumbuka. Na pale Kitonga ni lami: shuka kwa gia ndogo ya kawaida, 4L haihusiki.

Kitu kingine cha Prado 90 kinachoua kimya kimya ni bolijointi za chini za mbele, vile viungo vya goroli vinavyoshika magurudumu. Jinsi zilivyofungwa, uzito wa gari unavuta ile goroli itoke kwenye kikombe chake, badala ya kuisukuma iingie. Ikichoka hailii sana. Siku moja unakata kona kwenye mashimo na gurudumu linalala ubavuni kama mbwa. Fundi aipandishe kwa jeki, aingize mtaimbo chini ya tairi na kuinyanyua. Pakiwa na mchezo wowote, badilisha zote mbili, na hapa sikushauri kabisa kununua za bei rahisi.

Kama ni otomatiki, chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Yawe mekundu. Yakiwa na rangi ya waridi yenye povu, kama juisi ya stroberi iliyochanganywa na maziwa, rejeta imetoboka ndani na maji yameingia kwenye giaboksi. Taimingi belti ya 1KZ hubadilishwa kila kilomita 100,000; kama muuzaji hana ushahidi, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Umechoka? Vumilia kidogo, maelezo ya Escudo ni mafupi.

Escudo ninayokushauri ni ya kuanzia 2005, milango mitano, injini ya petroli ya lita 2. Watu wanaidharau kwa sababu inaonekana gari la mjini. Wanakosea. Ndani ya bodi yake wameunganisha fremu ya chuma, 4WD yake ni ya muda wote, na swichi ya dashibodi ina N, 4H, 4H LOCK na 4L LOCK. Yaani gia nzito ipo, na kufunga difu ya katikati kupo, kwenye gari ambalo bei yake inacheza jirani na ya X-Trail. Chini ina nafasi ya kama sentimita 20. Ni nyepesi kuliko Prado, na kwenye tope uzito mdogo ni rafiki: Prado ikizama inazama na heshima zake zote, Escudo wanaume wanne wanaitoa. Kwenye petroli tegemea kilomita tisa au kumi kwa lita moja barabara kuu, chini ya hapo ukiwa milimani.

Udhaifu wake? Nguvu, kama nilivyokueleza. Ukipanda Umalila umejaza watu na mbolea utaisikia ikilalamika, na itabidi uwe na subira. Asubuhi ikiwashwa baridi sikiliza upande wa mbele wa injini: mlio wa mnyororo, krrr krrr, unaodumu zaidi ya sekunde mbili tatu, maana yake mwenyewe alikuwa mvivu wa kubadilisha oili. Angalia bushi zinazoshika difu ya mbele, zinakatika. Mtu mmoja aweke gia D akiwa amekanyaga breki, kisha R, wewe ukiwa pembeni: ukisikia "kong", ndizo. Na vipuri si kama vya Toyota. Hapa Mbeya utapata vya kawaida, vingine vinaagizwa Gerezani, Kariakoo, vinakuja na basi la usiku.

Magari yote mawili, ingia chini yake na tochi. Kwanza hakikisha propela zote mbili zipo. Usicheke, mwalimu. Kuna watu difu ikianza kulia au wakitaka kubana mafuta wanang'oa propela na kuuza gari hivyohivyo, taa ya 4WD ikiwaka dashibodi kama kawaida. Pili, gonga chasisi kwa spana kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia "ting". Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lenye mchanga. Mengi ya magari haya yanatoka Japani, na yale ya kaskazini kwenye theluji yametembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya kabisa, jiulize imepakwa ya nini. Tatu, vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho: ukiona mstari wa tope mkavu au unasikia harufu ya kisima, gari limewahi kulala kwenye maji.

Na jaribu 4WD yenyewe, usiamini taa. Tafuta uwanja wa moramu, funga difu ya katikati, kata usukani mpaka mwisho na uende taratibu. Gari linatakiwa kukataa kidogo, kurukaruka, kama linavutwa nyuma. Likizunguka kwa ulaini uleule kama lilivyokuwa kabla, hakuna kilichofungwa. Ukimaliza fungua, usiende nalo lami hivyo.

Matairi nitayapitia haraka, ingawa yana haki yake. Gari la 4WD ya muda wote linataka matairi manne ya saizi moja na uchakavu unaofanana, la sivyo difu ya katikati inafanya kazi ya kupatanisha magurudumu mchana kutwa mpaka inakufa. Angalia ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane, hata likiwa na meno, limeshakauka. Kwa njia yako nunua matairi ya AT, meno ya wastani. Yale ya MT yenye meno makubwa yatakupigia kelele mpaka Dar, na kwenye lami ya mvua pale Mafinga hayashiki vizuri.

Swali la mzigo hukuniuliza lakini naliona linakuja. Mbegu na mifuko minne mitano ya mbolea, gari lolote kati ya haya litabeba. Viazi vya kuvuna, hapana. Kodi Canter siku ya mavuno. Nimeona watu wananunua gari kubwa kwa ajili ya siku mbili za mwaka, halafu siku zilizobaki wanalilisha mafuta kwa ajili ya hizo siku mbili.

Uamuzi wangu basi. Ukipata Prado 90 ya 1KZ ambayo imepita mtihani wa asubuhi na wa Kawetire, na mwenyewe ana kumbukumbu za matengenezo, chukua Prado. Kwa watu watano, milima na safari ya Dar, ndilo gari bora kati ya matatu uliyonitajia. Lakini kumbuka hayo magari yana zaidi ya miaka ishirini, na kati ya kumi yanayoletwa kwangu kukaguliwa, ninayoyapitisha ni mawili au matatu. Kwa hiyo kiuhalisia naona utaishia kwenye Escudo, na hutajuta. Escudo nzima naichukua mbele ya Prado ya wasiwasi, mchana na usiku. Mtu akikuletea Prado ya 2002 kuendelea kwa bei hiyohiyo, ile yenye injini ya D-4D, uwe na mashaka zaidi: noseli zake hazipendi dizeli ya madumu, na seti moja itakula akiba yako yote.

Kuhusu hela, usitumie milioni 28 zote kwenye gari. Tafuta la 23 au 24. Zinazobaki ni za matairi, oili zote za injini, giaboksi na difu mbili, belti, kulenti, kifuniko kipya cha rejeta, breki, na uhamisho wa umiliki. Mwezi wa kwanza gari la mtumba hudai mahari yake.

Makaratasi: linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma, kwa macho yako, si picha ya WhatsApp. Namba ya injini nayo. Angalia kama gari lina deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au yule mwenye jina awepo mbele yako na kitambulisho na TIN yake. "Mwenyewe yuko Tunduma, atasaini kesho" ni sentensi inayotosha kukufanya urudi nyumbani. Hela ipite benki. Nenda TRA siku ileile.

Dalali usimkasirikie. Safari hii amekupeleka pazuri, japo sidhani kama anajua kwa nini. Mwambie akutafutie Escudo ya 2006 au 2007, yenye matairi manne yanayofanana na chini isiyopakwa rangi, kisha mje nalo Uyole asubuhi na mapema. Mje likiwa limelala karibu, kwa jamaa yeyote wa hapa jirani, ili saa kumi na mbili nikiweka mkono juu ya injini iwe baridi. Na mzee aje pia. Nitamwonyesha ile swichi ya 4L, halafu tutampa yeye ashushe.